Kujiandaa kwa Kazi za Safari za Binadamu Angani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uhandisi wa Anga

Kila muhula mpya maswali ni yale yale. Je, ni lazima niwe rubani? Navaa miwani, nimeshakosa? Chuo chetu hakina hata somo moja linalohusu wanaanga, nifanyeje? Nipo mwaka wa nne, nimechelewa? Mwongozo huu unayajibu kwa kukupa kazi za kufanya, moja baada ya nyingine.

Shika jambo hili kabla ya yote. Roketi haijui imebeba nini. Setilaiti na mtu kwake ni kilo tu. Ugumu huanza pale kilo zile zinapopumua, zinapotoa jasho na joto, zinapolala, na zinapotakiwa kurudi nyumbani zikiwa hai. Mhandisi anayetafutwa katika fani hii ni yule anayeweza kuyageuza mahitaji ya mwili kuwa namba, kisha akazitetea namba zake mbele ya watu wabishi. Hatua zote hapa chini zinalenga hapo.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kalkulasi, aljebra ya matriki, themodinamiki, na mekanika ya vimiminika na gesi. Kama themodinamiki uliipita kwa kubahatisha, irudie. Mifumo ya kumweka mtu hai ni themodinamiki mwanzo hadi mwisho.
- Lugha moja ya programu unayoiandika bila kunakili. Python inatosha.
- Kompyuta ya kawaida yenye programu za bure: FreeCAD kwa michoro, OpenFOAM kwa mtiririko wa hewa, na GMAT ya NASA kwa njia za vyombo angani.
- Kiingereza cha kusoma na kuandika ripoti. Kirusi ni nyongeza nzuri kwa anayelenga Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa sababu shughuli zake huendeshwa kwa lugha zote mbili.
- Daftari moja la kazi, lenye tarehe kila ukurasa. Usilidharau, utalihitaji katika hatua ya 8.
- Saa tano kwa wiki, kwa miaka miwili. Mwenye saa ishirini kwa mwezi mmoja hafiki mbali.

HATUA

1. Tenganisha ndoto mbili.

Kuna kuruka angani, na kuna kuwawezesha wengine waruke. Wanafunzi wengi huzichanganya, wakapanga maisha yao yote kwa ajili ya ile yenye nafasi chache kupita kiasi. Katika mwito wa NASA wa 2020 waliomba zaidi ya watu 12,000, wakatangazwa 10 mnamo Desemba 2021. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilipokea maombi zaidi ya 22,500 na kutangaza watu 17 mnamo Novemba 2022, wengi wao wakiwa wa akiba.

Kwa hiyo jiandae kwa kazi ya uhandisi ambayo ungeifurahia hata kama hutaruka kamwe. Huhitaji njia mbili: katika mwito wa 2024 NASA ilitaka shahada ya uzamili ya sayansi, uhandisi au hisabati, au kiwango kinacholingana nayo, pamoja na miaka mitatu ya kazi inayohusiana, au saa 1,000 za kuongoza ndege kwa marubani. Urubani ni mlango mmoja tu. Miwani haikuzuii mradi macho yanarekebishika kufikia uoni kamili, na upasuaji wa macho kwa leza unakubalika NASA tangu 2007.

2. Angalia uraia wako kabla hujachagua nchi ya kusomea.

Hatua hii haina raha lakini huokoa miaka. Marekani, teknolojia nyingi za roketi na vyombo vya anga zinasimamiwa na kanuni za kudhibiti usafirishaji wa silaha nje, zinazojulikana kama ITAR. Kampuni huko huajiri kwa kazi hizo raia, wenye ukaazi wa kudumu, au waliopewa hifadhi kama wakimbizi. Viza ya mwanafunzi haikufikishi hapo, hata ungekuwa wa kwanza darasani. ESA nayo huajiri hasa raia wa nchi wanachama na washirika.

Kosa la kawaida: kulipa ada ya shahada ya pili, kisha kugundua katika muhula wa mwisho kwamba asilimia kubwa ya matangazo ya kazi hayakuhusu. Fungua matangazo ishirini ya kazi unazozitaka leo hii, andika masharti ya uraia ya kila moja kwenye jedwali, ndipo uamue. Kama mlango wa vifaa umefungwa, bado kuna tafiti za vyuo vikuu, fiziolojia ya angani, usindikaji wa takwimu na programu za chanzo huria. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Anga, chenye makao karibu na Strasbourg, hupokea wanafunzi wa mataifa mbalimbali.

3. Chagua mfumo mmoja uwe wako.

"Napenda mambo ya anga" si utaalamu. Chagua kimoja: hewa na maji ya chombo, udhibiti wa joto, suti za anga, muundo wa chombo na kinga dhidi ya vimondo vidogo, uongozaji na udhibiti wa mwelekeo, usalama na uchambuzi wa hitilafu, au uendeshaji wa safari kutoka chumba cha udhibiti. Ukishindwa kuamua, anza na hewa na maji. Inagusa kemia, joto, umeme na mwili wa mtu kwa pamoja, na wanafunzi wachache huikimbilia kwa sababu haina moto wala mngurumo.

4. Piga hesabu ya kibanda.

Huu ndio moyo wa mwongozo. Chukua wanaanga 4, siku 10, kibanda (chumba cha wanaanga ndani ya chombo) chenye hewa ya meta za ujazo 10. Fungua jedwali la kompyuta uanze na namba hizi za mtu mmoja kwa siku:

- oksijeni anayotumia: takribani kilo 0.84
- hewa ukaa anayotoa: takribani kilo 1.0
- maji ya kunywa na ya chakula: takribani kilo 2.5
- chakula pamoja na vifungashio: takribani kilo 1.8
- joto la mwili: wati 100 hadi 140 kwa wastani

Siku-mtu ni 40. Unapata kilo 33.6 za oksijeni, kilo 100 za maji, kilo 72 za chakula, na kilo 40 za hewa ukaa za kuondoa.

Sasa iondoe kwa lithiamu haidroksaidi. Molekuli mbili zake hukamata moja ya hewa ukaa, hivyo kila kilo ya hewa ukaa hudai kilo 1.09 za lithiamu haidroksaidi, jumla kilo 43.6. Hiyo ni namba ya karatasi. Ndani ya kopo halisi sehemu ya chembechembe haifikiwi na hewa. Ukikadiria kwamba asilimia 80 tu ndiyo hutumika, unafika kilo 54.5 kabla hujahesabu kopo lenyewe, feni na akiba. Andika kadirio hilo wazi. Anayekagua kazi yako atalitafuta kabla ya jibu.

Kisha jiulize swali linaloitofautisha kazi hii na setilaiti: mtambo wa kuondoa hewa ukaa ukizimika, tuna muda gani? Watu wanne hutoa kilo 4 kwa siku, sawa na takribani moli 3.8 kwa saa. Kwa kanuni ya gesi, katika meta za ujazo 10 zenye nyuzi 22, mgandamizo wa hewa ukaa hupanda takribani paskali 930 kila saa. Kiwango cha NASA kinataka wastani wa saa moja usizidi milimita 3 za zebaki, yaani paskali 400. Ukianza na hewa safi kabisa, unafikia paskali 400 ndani ya dakika 26 hivi. Hawafi wakati huo, lakini umeshatoka kwenye kiwango, na maumivu ya kichwa na uzito wa fikra huja kadiri unavyozidi kupanda. Namba hii ndogo ndiyo inayoamua uweke feni ngapi, king'ora kilie lini, na nani aamshwe.

Malizia na maji. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mfumo wa Kituo cha Kimataifa cha Anga umeonyesha uwezo wa kurejesha asilimia 98 ya maji. Je, uubebe mtambo kama huo kwa siku 10? Tuseme kwa mfano mtambo wako una kilo 500. Watu wanne hutumia kilo 10 kwa siku, unaokoa 9.8, kwa hiyo unalipa uzito wake siku ya 51. Ongeza vipuri na umeme, siku zinasogea mbele zaidi. Chora grafu yake. Utaona kwa nini safari fupi hubeba maji na kituo husafisha mkojo.

Makosa yanayojirudia hapa: kuchanganya mgandamizo na asilimia (ndani ya suti ya anga ya NASA kuna oksijeni tupu kwa kilopaskali 29.6, na bado inatosha, kwa sababu usawa wa bahari oksijeni peke yake ni takribani kilopaskali 21), kusahau kwamba mvuke wa jasho na pumzi lazima ukamatwe, na kuhesabu joto la mitambo huku ukiwasahau watu, wakati wanne peke yao ni karibu nusu kilowati.

5. Jenga kitu kidogo kinachopima kitu kimoja.

Hesabu bila kipimo hazimshtui mwajiri. Mradi unaofaa ni kisanduku cha kupima uondoaji wa hewa ukaa. Unahitaji sanduku la plastiki la lita 50 lenye mfuniko, gundi ya silikoni, feni ndogo ya kompyuta, kihisi cha hewa ukaa kinachotumia mwanga wa infraredi, kihisi cha joto na unyevu, Arduino, bomba la sindano la mililita 50, mrija mwembamba, na gramu 200 za chokaa soda, zile chembechembe zinazotumika kwenye mashine za nusukaputi. Usitumie lithiamu haidroksaidi nyumbani. Vumbi lake huunguza macho na mapafu. Chokaa soda nayo ishike kwa glavu na miwani ya kinga. Na usimfungie mtu wala mnyama ndani ya sanduku hata kwa dakika moja.

a) Weka kikombe chenye gramu 0.7 za sodiamu baikaboneti ndani ya sanduku. Ziba. Washa feni.
b) Ingiza mililita 20 za siki kwa bomba la sindano kupitia mrija, kisha ubane mrija. Gesi itakayotoka ni karibu lita 0.2, yaani takribani sehemu 4,000 kwa milioni juu ya hewa ya kawaida. Usizidishe, kwani vihisi vingi vya bei nafuu huishia 5,000.
c) Rekodi kila sekunde 10 kwa saa moja BILA chokaa soda. Rudia mara tatu. Huo ndio uvujaji wa sanduku lako.
d) Weka chokaa soda kwenye kopo lenye matundu mbele ya feni, rudia mara tatu, kisha toa kasi ya uvujaji. Kumbuka uvujaji huivuta hesabu kuelekea hewa ya nje, yenye sehemu zaidi ya 400, wakati chokaa huivuta kuelekea sifuri.

Wanaoruka hatua (c) hujisifia chokaa kumbe ni mfuniko unaovuja. Kosa la pili ni kihisi chenyewe: vingi hujirekebisha kila baada ya muda kwa kudhani kwamba kipimo cha chini walichokiona ni hewa ya nje. Ndani ya sanduku hilo ni uongo, na namba zako zitateleza polepole bila wewe kujua. Zima marekebisho hayo kwenye programu kabla ya kuanza. La tatu, chokaa soda inahitaji unyevu ili ifanye kazi. Iliyokauka hukaa tu. Rangi yake nayo hudanganya, kwani iliyochoka ikipumzika inaweza kurudia weupe.

Ripoti yako iwe na aya moja kuhusu kile ambacho sanduku haliwezi kuonyesha. Hapa duniani hewa ya moto hupanda yenyewe na kuchanganyika. Kwenye obiti haipandi. Feni ikisimama, hewa ukaa ya mtu aliyelala hubaki ikimzunguka usoni hata kama kihisi cha ukutani kinasoma salama. Aya hiyo ina thamani kuliko grafu zote.

6. Soma ajali kwa jicho la mhandisi.

Ripoti za uchunguzi za NASA ziko wazi bure. Kwa kila ajali andika ukurasa mmoja: nini kilivunjika, nani alijua nini kabla, na kanuni gani ilibadilika baadaye.

Anza na Apollo 1 (Januari 1967): oksijeni tupu yenye mgandamizo uliozidi ule wa nje, vitu vingi vinavyoshika moto, na mlango uliofunguka kwa ndani, wanaanga watatu walikufa chomboni kikiwa ardhini. Soyuz 11 (Juni 1971): vali ya kusawazisha hewa ilifunguka vipande vya chombo vilipoachana, na watatu waliokuwemo hawakuwa wamevaa suti. Baada ya hapo suti zikawa lazima, na wasafiri wakapunguzwa hadi wawili. Apollo 13 (1970) ni ya kopo za kuondoa hewa ukaa: za chombo kimoja za mraba, za kingine za mviringo, hivyo hazikuingiliana.

Kisha tulia kwenye tukio la Julai 16, 2013, ambapo helmeti ya mwanaanga Luca Parmitano ilianza kujaa maji akiwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wiki moja kabla maji yalishaonekana kwenye suti hiyo hiyo, yakadhaniwa yametoka kwenye mfuko wa kunywea. Jibu jepesi lilikuwa karibu, likakubaliwa. Chanzo kilikuwa kitenganishi cha maji kilichozibwa na uchafu. Kila utakapotaka kusema "labda ni kihisi tu", ikumbuke helmeti hii.

7. Jifunze lugha ya viwango.

Pakua NASA-STD-3001, kiwango cha NASA kuhusu afya na mahitaji ya wanaanga, juzuu zote mbili, pamoja na mwongozo wa NASA wa uhandisi wa mifumo. Usizisome kama riwaya. Chagua matakwa kumi yanayogusa mfumo wako, na kwa kila moja andika utalithibitishaje: kwa jaribio, uchambuzi, ukaguzi au onyesho. Kisha tengeneza jedwali la hitilafu lenye safu tano: kifaa, namna kinavyoharibika, dalili, athari kwa wanaanga, hatua ya kuchukua. Anza na feni ya hatua ya 5. Jedwali lenye mistari 15 iliyofikiriwa linashinda lenye 200 iliyonakiliwa.

8. Ingia kwenye mashindano, halafu andika wasifu.

DropTES, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwapa timu za wanafunzi nafasi kwenye mnara wa majaribio wa Bremen, Ujerumani, umekuwa wazi kwa nchi mbalimbali. Mnara una urefu wa meta 146 na hutoa sekunde 4.7 hivi za kuelea kwa kudondosha, au takribani 9.3 chombo kikirushwa juu kwanza. Shindano la magari ya uchunguzi la NASA huko Huntsville limekuwa likipokea timu za kimataifa. RASC-AL, la kubuni safari nzima, huwalenga hasa wa vyuo vya Marekani, lakini mada zake hutangazwa hadharani na hakuna anayekuzuia kuzifanyia kazi nyumbani. Soma masharti ya mwaka husika kila mara, maana hubadilika.

Kwenye wasifu, usiandike "nilishiriki". Andika ulichopima: "Nilijenga na kupima kisanduku cha lita 50; nilitenganisha uvujaji na ufyonzaji; majaribio 6." Daftari lako ndilo ushahidi. Mahojianoni swali huwa "ulikosea wapi?", na mwenye daftari hujibu kwa tarehe.

9. Kwa anayetaka kuruka mwenyewe: jifunze kupiga mbizi, huduma ya kwanza, na kazi za muda mrefu kwenye kundi dogo mbali na watu. Lala vya kutosha. Basi, mengine yatapimwa na madaktari wao.

YAKIKWAMA

Chuo hakina somo la safari za binadamu. Geuza mradi wako wa mwisho. Msimamizi wa mitambo ya joto atakubali "uondoaji wa hewa ukaa" endapo utampelekea hesabu ya hatua ya 4 ikiwa imekamilika. Ukienda na wazo tupu, atakupa lake.

Maombi 30 ya mafunzo kwa vitendo, hakuna jibu. Kwanza kagua sharti la uraia. Likiwa sawa, tatizo huwa wasifu wa jumla mno. Andika upya mistari mitatu ya juu itaje mfumo mmoja tu, uweke kiungo cha ripoti yako.

Alama za mwaka wa kwanza ni mbaya. Panda kwenye masomo manne yanayohusu mfumo wako, na uonyeshe mradi. Kufuta yaliyopita haiwezekani, usipoteze muda kuyaeleza kwenye barua.

Namba za kisanduku hazirudiwi, kila jaribio jibu jingine. Pima joto na unyevu wa kila jaribio, pima sodiamu baikaboneti kwa mizani ya gramu 0.01, na acha kihisi kiwake dakika 30 kabla. Ikiendelea, paka mfuniko maji ya sabuni, ingiza hewa kidogo kwa bomba la sindano, utafute mapovu.

Uko mwaka wa nne. Fanya hatua za 2, 4 na 7 ndani ya miezi mitatu, uache hatua ya 5 kwa shahada ya pili au kwa jioni za kazi ya kwanza. Kazi hiyo ya kwanza si lazima iwe ya anga: viyoyozi vya ndege, manowari, mashine za nusukaputi na vyumba vya mgandamizo vya wapiga mbizi vinatumia fizikia ile ile, na mengi ya hayo hayana kikwazo cha ITAR.